Lyle Brandvold na Kilima Kilicholala Chali

Tegeni masikio, enyi mjuao upepo wa nyanda za Wyoming na nyinyi msioujua, mpate habari za Lyle Brandvold, bwana wa ng'ombe wekundu, msomaji wa mistari ya kahawia ichorayo vilima, aliyeitawala kona ya kaskazini ya shamba lake kwa miaka thelathini, yote hiyo kwenye ramani iliyotundikwa jikoni.

Asubuhi moja mgeni asiyetarajiwa alibisha hodi: Bi Oleta, mama wa makamo mwenye viatu vya mjini. Aliomba kuonyeshwa mnara wa pampu ya upepo, hapo ilipokuwa nyumba aliyozaliwa marehemu mama yake. Ndege yake ilikuwa inaondoka jioni, naye hakutazamia kurudi tena.

"Mnara uko nyuma ya kilima hiki," akanena Lyle, kidole juu ya duara la ramani lenye vijimeno kwa ndani. "Mistari hii, dada yangu, hunifunulia ardhi ilivyo kabla ardhi yenyewe haijajijua."

"Basi ikukumbushe lango la kaskazini," akasema Arlene, mkewe, akimenya viazi. "Fahali wa jirani anawamezea mate mitamba wetu. Ukilifungua, mume wangu, ulifunge."

"Naapa."

Wakapita langoni, wakaliacha gari, wakakishambulia kilima. Shujaa akapanda kwa kushuka, akazidi kushuka, hata matope yakamfika magotini. Kumbe vijimeno vile ni alama ya shimo.

"Kilima chako kimelala chali," akasema Bi Oleta.

"Kipo. Kinaelekea chini tu."

Walipojikokota hadi ukingo wa pili, wakauona mnara, mapanga yake yameng'oka, na kando yake kichaka cha maua ya rangi ya zambarau, masalia pekee ya bustani ya nyumba ile. Bi Oleta akalishika tawi, akalia kimya. Mfalme wa ramani naye akavua kofia.

Wakati wa kurudi, kitanzi cha waya cha lango kikakatika mikononi mwa Lyle. Mvua ya mawe ilikuwa inakuja, na fahali alikuwa anasogea.

"Acha tu, kaka. Utalirekebisha kesho."

"Niliapa."

Akavua mkanda wake wenye bamba la fedha, tuzo ya ujana wake ya kupanda mafahali, ushahidi pekee kwamba aliwahi kushinda kitu, akalifunga lango kwa huo.

Akaingia jikoni ameloa, suruali kaishika kwa mkono.

"Lango?" akauliza Arlene.

"Limefungwa."

Andikeni basi, enyi waandishi wa tarikhi: mchana ule Lyle Brandvold alikula viazi, na hakuinuka kitini mpaka mgeni alipoondoka.