Mashine Hupumzika Wikiendi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimechoka. Wiki ndiyo kwanza inaanza na mimi nimeshachoka.

Daktari katuita asubuhi kwenye chumba cha mikutano, kile chenye viti vinavyolia ukikaa na vinavyolia ukinyanyuka. Katukumbusha kazi yetu ya utafiti wa homa kana kwamba tumeisahau. Tutafute watu wazima wenye homa. Tuwalete zahanati wapimwe damu, ijulikane homa imetokana na nini, watibiwe bure. Homa iwe changa. Mgonjwa awe hajameza dawa yoyote. Hapo ndipo penye kazi! Mji huu mtu akipiga chafya tu, mkono uko kwenye vidonge.

Kisha akatoa habari yenyewe. Kituo cha pili cha utafiti kinafunguliwa ng'ambo ya reli na kinataka msimamizi. Msimamizi atapewa pikipiki. Atakayekuwa amesajili washiriki wengi zaidi ifikapo Jumatatu ijayo ndiye huyo. Nikamtazama Chapchap. Chapchap akanitazama. Halafu akatabasamu, mshenzi yule.

Wahamasishaji tuko wawili tu, yeye na mimi. Jina la Chapchap kapewa na manesi kwa ajili ya mwendo wake. Mimi sijapewa jina lolote. Kwenye ubao wa zahanati alama zake zimejaa hadi pembeni. Zangu ni chache, na mojawapo Daktari anaitilia shaka.

Nimetembea kutwa kwa viatu vilivyokwisha soli. Mgongo unaniuma, magoti yananiuma. Pikipiki ile ni yangu. Nimeshajiona nimeipanda.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekwenda kwa mwenye duka la dawa. Mpango safi kabisa: mtu akija na homa, kabla hajauziwa kitu, aelekezwe kwangu, niko kwenye benchi hapo nje. Akakubali haraka mno. Ningejua.

Kaniletea mwenye jino. Kaniletea mwenye goti. Kaniletea bwana mmoja aliyetaka kujua kama tunapima na mbuzi. Wenye homa wote kawauzia vidonge kama kawaida, nao wakapita mbele yangu wakimeza. Nilipomlalamikia akaniuliza yeye ale nini, ale utafiti?

Chapchap kasajili wawili. Kapita hapo akanisalimia kwa heshima zote. Heshima yake inanikera kuliko matusi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Sirudi tena kwenye foleni ya maji.

Nilifikiri hivi: watu wengi, wamesimama, hawana pa kwenda. Nipite nikiwagusa paji la uso, nimkute mwenye joto. Wa kwanza baridi. Wa pili baridi. Wa tatu mama mmoja, wa moto kweli kweli, nikafurahi nikauacha mkono palepale kidogo. Kumbe mumewe kasimama nyuma yake na ndoo. Nikaeleza kwamba huu ni utafiti. Akasema na yeye ana utafiti wake, akainua ndoo.

Nimerudi nyumbani nimelowa. Mke wangu kauliza mvua imenyesha wapi. Mama mkwe, ambaye alikuja kutusalimia tangu mwaka jana na bado anatusalimia, kacheka mpaka akashika mbavu. Nimekwenda kulala. Mwili wote hauna nguvu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mungu mkubwa! Mama mkwe ana homa!

Jioni hii kalalamika kwamba mifupa inamuuma na kwamba anasikia baridi, na jua hilo lote. Nikakimbilia kipimajoto. Homa safi, changa, ya leo leo. Nikamuuliza kama kameza kitu. Hajameza. Nikaomba radhi nikapekua kila droo, nikakusanya vidonge vyote vya nyumba hii nikavificha ndani ya kiatu changu cha zamani. Mtu mzima, mwenye homa, hajameza dawa, yumo nyumbani mwangu. Chapchap atalia.

Mke wangu kasema basi kesho asubuhi na mapema tumpeleke. Hapo ndipo nilipokumbuka. Zamu ya Jumamosi na Jumapili ni ya Chapchap. Aliye zamu ndiye anayesajili, na anayesajili ndiye anayepata alama. Hata mgonjwa umlete umembeba mgongoni!

Nimesema wikiendi mashine ya kupimia damu hupumzika. Sijui limetoka wapi neno hilo. Limetoka tu, tena kwa sauti ya kitaalamu. Jumatatu, nimesema, tutakuwa wa kwanza mlangoni.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku ndefu. Mama mkwe anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Kafunikwa blanketi zote tulizonazo pamoja na koti langu.

Mke wangu kauliza ni mashine gani hiyo inayopumzika. Nikajibu ni ya kisasa, ikichoshwa inatoa majibu ya uongo. Akaniangalia sana. Kaniuliza kama watu nao hawaugui wikiendi. Nikasema hilo ni swali zuri na utafiti bado unaendelea.

Nimemkanda mama mkwe kwa kitambaa chenye maji mchana kutwa. Kaomba japo kidonge kimoja tu cha kutuliza maumivu. Nikamwambia mama vumilia, ukimeza kitu hawatakupokea. Kisha akasema asante baba, umehangaika sana na mimi. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilijisikia vibaya. Nilitaka kurudi ndani nimnyanyue, niende naye hivyo hivyo kwa Chapchap na liwe liwalo.

Lakini ni Jumatatu tu. Jumatatu siyo mbali.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Asubuhi nikatoka kwenda kuazima mkokoteni kwa muuza mkaa, ili kesho tusihangaike na usafiri. Niliona nimefikiria mbali. Nikausukuma mpaka nyumbani, nikauosha, nikautandika kanga na mto. Nikaingia ndani kumwonyesha mama mkwe. Kitanda kitupu!

Jirani kaniambia kwamba mama alianza kuongea maneno yasiyoeleweka, anawaita watu waliokwisha kufa, ndipo mke wangu akakodi pikipiki wakaondoka naye. Pikipiki! Nikakimbia. Sijui kwa nini nilikimbia na mkokoteni.

Nimewakuta zahanati. Mama mkwe kawekewa dripu, macho kafumba, kawa mdogo kama mtoto. Pembeni yake Chapchap, kamshika mkono, anamwita mama. Daktari kaja ingawa leo ni siku yake ya mapumziko. Ni malaria, na ilishapanda kichwani. Kasema angengoja mpaka kesho tungekuwa tunazungumza mengine. Nikakaa kwenye mkokoteni.

Mchana mama akafumbua macho. Akamtambua binti yake, akaomba maji. Ndipo Daktari, aliyemsikia mama akiweweseka habari za mashine, akauliza mbele ya wote nani kasema mashine hupumzika wikiendi. Mke wangu akafungua mdomo. Nikajua kazi imekwenda, na pengine ndoa nayo imekwenda.

Mama mkwe akamuwahi. Kwa kile kisauti chake kilichobaki akasema ni yeye aliyekataa kuja, anaogopa sindano tangu usichana wake, na mkwe wake kambembeleza siku zote hizo mpaka kachoka. Daktari akanigeukia akanipongeza kwa uvumilivu. Kanipongeza! Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilimshika mama miguu.

Alama ya mama mkwe kaandika Chapchap.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Chapchap ndiye msimamizi. Kanishinda vibaya sana, kwa alama ambazo hata ningemsajili mama mkwe na ukoo wake wote nisingezifikia. Hilo linaniuma kuliko yote. Nilimlaza mwanamke wa watu siku mbili na malaria kwa ajili ya pikipiki ambayo haikuwa yangu hata kwa dakika moja.

Mke wangu haongei nami. Chakula anakiweka mezani halafu anakiaga chakula, mimi haniagi.

Daktari kasema mwezi ujao kitafunguliwa kituo cha tatu. Kuhesabu kutaanza upya. Chapchap ataendelea kushika zamu za wikiendi hapa kwetu mpaka apatikane mtu. Sikusikiliza sana. Sitaki kusikia habari za alama.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mama mkwe karudi nyumbani. Kakonda, lakini mdomo ule ule. Ameshalaumu chumvi, mapazia na jinsi ninavyofunga mlango. Sijawahi kufurahi kulaumiwa hivyo.

Nimemwapia mke wangu kwamba sitachezea tena homa ya mtu. Hata iwe ya adui yangu. Homa ni kwenda kupimwa siku hiyo hiyo, awe zamu yeyote yule, na mimi ndiye ninayewahubiria watu hivyo mwaka wa ngapi huu. Akasema tutaona. Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu Jumapili, nikayapokea kwa mikono miwili.

Chapchap kanipa lifti kwenye pikipiki yake. Inakimbia vizuri, siwezi kusema uongo. Upepo ulinipiga nikasikia baridi mpaka kwenye mifupa. Uchovu huu sasa umezidi.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Natetemeka. Kalamu inaruka. Nimejipima: homa safi, changa, ya leo leo.

Mke wangu kavaa viatu tayari, kasema twende. Nimemuuliza kama anajua leo nani yuko zamu. Kasema ndiyo, na twende. Nimemwambia hapana. Yaani Chapchap anichome mimi kidole? Achukue damu yangu, aniite kaka, kisha aende ubaoni akachore alama kwa homa yangu mwenyewe? Bora nife. Nimesema bora nife halafu nikaona siyo neno la kusema leo.

Lakini nimefikiria vizuri. Kuhesabu kumeanza upya, na Jumatatu zamu ni yangu. Nitajisajili mwenyewe. Nitajisomea maelezo ya utafiti polepole, nitajiuliza kama nimeelewa, nitajipa nafasi ya kuuliza maswali, nitajikubalia. Sijaona popote palipokatazwa. Sijameza kitu. Mshiriki kama mimi Daktari hajawahi kumpata, anayejua sheria zote na anayefika kwa wakati.

Mke wangu kaingia chumbani kwa mama yake, kabamiza mlango. Kiatu changu cha zamani nimelala nacho kitandani, asije akanipa kidonge akaniharibia.

Mama mkwe kaja na bakuli la maji na kitambaa, kajikongoja na ugonjwa wake, kakaa pembeni yangu. Kanikanda uso. Kisha kaniuliza, taratibu kabisa, kama leo nayo mashine imepumzika.

Nimemjibu ndiyo mama, mpaka Jumatatu.