S Moja kwa Suti Nzima

Mutsinzi hakuwa na suti, na bila suti hakuwa na mke. Jumapili ile alitakiwa mtaa wa Niboye, nyumbani kwa kina Ingrid, akajitambulishe kwa mama mkwe kama mwalimu wa Kiingereza na mtu aliyeokoka. Ingrid alikuwa mrithi wa nyumba za kupangisha, na Mutsinzi alizipenda nyumba hizo kwa moyo wake wote.

Akapita mtaa wa Biryogo, akamkuta Alida kwenye cherehani yake akinung'unika. Alida alikulia Bujumbura. Kifaransa alikuwa nacho, Kiswahili alikuwa nacho, Kiingereza hakuwa nacho hata cha kuombea maji. Sasa kuna mama mmoja mwenye hoteli, aliyekulia Uganda, anatafuta fundi wa kushona sare za wafanyakazi wake, na inasemekana mambo ya kazi huyazungumza kwa Kiingereza tu.

Mutsinzi akavuta kiti. Tapeli hodari hasubiri kukaribishwa.

"Shida yako ni s," alimwambia.

"S ya nini?"

"Ya mwisho wa kitenzi. I sews. You pays. We agrees. Bila hiyo s watajua umetoka shambani."

Alida akafikiri. "Mtu moja iko na s, na watu mingi pia iko na s?"

"Wote."

"Basi ni kama 'iko' yetu." Akafurahi, kwa maana Biryogo mbuzi iko, chai iko, hata mheshimiwa iko, na hakuna aliyewahi kulala njaa kwa sababu hiyo.

Mutsinzi aliijua kanuni yenyewe vizuri. Aliiokota Kampala kabla shule haijamchoka: akishona mmoja ni sews, wakishona wengi ni sew, kwisha. Lakini kanuni inayosemeka kwa pumzi moja hulipwa kikombe kimoja cha chai. Kwa hiyo akaikata vipande viwili kama kitambaa. Somo la kuitia s kila mahali, alipwe suti ya Jumapili. Somo la kuiondoa isikotakiwa, alipwe suti ya harusi.

Alipokuja kuchukua suti, Alida alikuwa ameshatoka hotelini. Hakusema mengi, ila alimwita Mwalimu kwa heshima zaidi kuliko mwanzo. Akamshauri asikae nayo ovyo wala asinyanyue mikono, kitambaa kipya lazima kizoee mwili. Mutsinzi akajitazama kwenye kioo, akaona mwenye nyumba.

Niboye mama mkwe, Connie, alimpokea vizuri sana. Mutsinzi akamwaga Kiingereza kama redio, akiwa amesimama muda wote, na wenyeji wakaona ni adabu. Chakula kilipofika, Connie akamwomba akibariki, yeye mtu aliyeokoka.

Mtu aliyeokoka haombi mikono ikiwa mifukoni. Mutsinzi akafumba macho, akainyanyua yote miwili juu. Mikono yake ilipanda. Mikono ya koti ilishuka, ikakunjamana kwenye viwiko, na mabega yakabaki na nyuzi zinazoning'inia.

Connie akafumbua jicho moja. "The sleeves falls," akasema.

Ndipo kiburi kilipomponza. "Fall," Mutsinzi akamsahihisha. "Sleeves ni nyingi, mama. Zikiwa nyingi kitenzi hakitaki s."

Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka Alida, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Nilikwambia anajua," Connie akamwambia.

Wakamweleza bila kupandisha sauti. Mama mwenye hoteli ndiye huyu. Alida alimwendea na "We agrees" yake, Connie akacheka hadi akaketi, akamfundisha kanuni bure, akampa kazi ya sare. Kisha akauliza mwalimu ni nani na suti ni ya kwenda wapi. Alida alimtetea: maskini, labda na yeye hajui. Connie akasema huyo ni mwizi. Kwa hiyo suti ikapigwa bandi tu, nyuzi za kushikiza, hadi ukweli ujulikane.

"Ungekuwa hujui, ningekushonea hapa hapa," Alida akasema. Sindano alikuja nayo.

Ingrid aliokota kipande cha uzi sakafuni, akamkabidhi Mutsinzi, akaenda kufungua geti.

Nje, Mutsinzi akaita moto, pikipiki ya abiria. Dereva akamnyooshea kofia. Alipokuwa anainua mguu apande, wazo likamjia, akaushusha taratibu.

"Alida," akaita kutoka getini. "Na suruali?"

"Suruali iko somo la pili, Mwalimu. Tembea pole pole."