Kichuguu cha Nyuma ya Jiko

Jumanne, 22 Aprili 2025
Bustani yangu imefikia hali niliyoikusudia: haifanani tena na bustani. Sijafyeka tangu Krismasi. Sijanyunyiza dawa. Nyuki wamejaa kwenye maua ya mitoo, mboga yetu ya kienyeji iliyoachwa ikakomaa, na kichuguu cha nyuma ya jiko kimenifika kifuani. Nimeridhika.

Khalayi, mke wangu, hajaridhika. Amesema aliolewa na mwalimu, si na mlinzi wa msitu. Jumamosi kibarua wake Wanjala atakuja na jembe, abomoe kichuguu na kufyeka kila kitu, ili Khalayi apate pa kupanda mahindi. Nilimsihi. Akatoa sharti: akiona ndege mmoja wa maana kabla ya hapo, ataghairi. Kunguru hahesabiwi.

Jumatano, 23 Aprili
Nimetundika ndizi mbivu kwenye mpera ili kumvuta hondohondo. Zimeliwa na tumbili. Nilitoa hoja kwamba tumbili pia ni wanyamapori. Khalayi akajibu kwamba hata wezi ni binadamu.

Jirani yetu Osundwa, mpima ardhi mstaafu ambaye nyasi zake hunyolewa kama kichwa cha kurutu, alichungulia juu ya ua akauliza kama tulishahama. Hondohondo alikuwa ametua juu ya paa lake. Ndege asiye na msimamo.

Ijumaa, 25 Aprili
Ufumbuzi umepatikana. Kumbikumbi wakiruka, ndege hawakosi. Kumbikumbi nao hungoja mvua. Lakini mvua yaweza kuigwa. Marehemu nyanya yangu alikuwa akipiga ubao kwa vijiti juu ya kichuguu, nao wakitoka wakidhani inanyesha. Nitapiga kesho asubuhi, kabla Wanjala hajafika. Jaribio la kisayansi, tena la faragha.

Jumamosi, 26 Aprili
Nilipiga. Sikuzingatia kwamba hapa kwetu mlio huo hauwaiti kumbikumbi peke yao. Kabla ubawa wa kwanza haujachomoza, akina mama walikuwa langoni na sufuria. Kisha mtaa mzima. Wanjala alifika, akaegemeza jembe ukutani, akaomba bakuli.

Osundwa aliruka ua na ndoo, akiwa tayari na suti ya kwendea harusini, akatangaza kitaalamu kwamba mpaka unapita katikati ya kichuguu, hivyo nusu ni yake. Khalayi alimuuliza: "Mzee, juzi kilikuwa kichaka chetu, leo kimekuwa shamba lako?" Watu walicheka hata Wanjala akamwaga bakuli.

Kumbikumbi walitoka kama moshi. Walikamatwa karibu wote. Hondohondo alipita juu, akauona umati, akaenda zake. Nilijua nimeshindwa. Nikamwonyesha Wanjala pa kuanzia.

Khalayi, akitafuna, alimwambia Wanjala aliache jembe pale ukutani. Kichuguu kinachozaa hivi, alisema, hakibomolewi. Na vichaka vinavyokifunika visiguswe, jua lisije likakikausha.

Jumapili, 27 Aprili
Chakula cha mchana: obusuma, yaani ugali wetu, na kumbikumbi wa kukaanga. Khalayi anaimba jikoni. Nikiupima ushahidi kwa utulivu, nahitimisha kwamba hatimaye amezikubali hoja zangu kuhusu uhai wa viumbe.

Jaribio la jana lilikuwa na kasoro moja tu: mlio ulikuwa hafifu, haukuwafikia hondohondo walioko msituni. Nimezungumza na mwinjilisti. Jumamosi ijayo ataniazima ngoma kubwa ya kanisa.