Doberman Wangu Hana Kosa, Wala Mimi

Jumatano, tarehe 4

Nimepata Doberman! Narudia ili hata kalamu isikie: Doberman. Si mbwa koko wa kulala chini ya magari. Miezi saba, mweusi tii, mabaka ya kahawia kifuani na juu ya macho, utadhani kachorwa nyusi saluni. Mtaa mzima ulitoka kututazama. Nikatembea polepole, ili na waliochelewa waone.

Kanikabidhi daktari wa mifugo. Wenyewe wamehama. Tulioomba ni wawili: mimi, na fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara. Dokta kanipa mimi kwanza, kwa siku kumi. Jumamosi ya tarehe 14 atakuja kukagua. Akimkuta mbwa mzima, mtulivu, anayesikia akiambiwa, ni wangu. Akimkuta vinginevyo, anavuka barabara kwenda kwa fundi. Nikacheka. Avuke aende wapi!

Kisha Dokta akaanza somo: makosa wanayofanya watu wanaofuga Doberman. Kosa hili, kosa lile, hotuba haina mwisho. Fundi baiskeli akawa anaandika nyuma ya boksi la viraka. Maskini. Mimi shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu ya mambo hayo hayo ya kuandika-andika. Nikaitikia ndiyo Dokta, ndiyo Dokta, huku namtafutia mbwa jina. Nimempa Jemadari.

Mjomba ni dobi. Duka ni lake, pasi ninayoisukuma ni yake, na chumba ninacholala nyuma ya duka ni chake. Kasema mbwa akigusa nguo ya mteja, tutalala nje wote wawili, mbwa na mimi. Mkaza mjomba, yaani mkewe, alisema kwa kifupi zaidi. Yeye hapendi mbwa. Mlango wa jikoni ndio mpaka.

Aibu moja tu, tena ndogo. Masikio ya Jemadari yamelala. Fundi baiskeli kaliona hilo upesi. Kaniuliza kwa sauti ya kusikika barabara nzima kama nimeletewa mbwa au mbuzi. Nitamnyamazisha.

Alhamisi, tarehe 5

Kazi ya kumfanya mkali imeanza. Kanuni yangu mwenyewe: mbwa mkali asizoee watu. Nikamfunga uani nyuma ya pipa la kusuuzia, mnyororo mfupi, asione sura ya mtu mpaka jioni.

Saa tatu akaanza kulia. Si kubweka. Kulia! Mteja aliyeleta mashuka akauliza kama tuna mgonjwa ndani. Wa pili hakuuliza kitu, alichukua nguo zake zikiwa bado mbichi akaondoka. Saa sita kimya. Nikajipongeza: kaelewa.

Kumbe kajitafutia mwenzake. Joho la kwaya, moja kati ya kumi na mawili yaliyoanikwa, kalivuta chini, kalilalia, na shingo yote kaitafuna.

Nikampigia Dokta kumpa taarifa ya maendeleo. Akasema Doberman ni mbwa wa watu, ukimtenga anaharibikiwa akili, na kwamba hilo lilikuwa kosa la kwanza kabisa alilonitajia jana. Nikamwambia simu inakatakata.

Mkaza mjomba kalishona joho mpaka jioni bila kunitazama. Alipomaliza akaenda kumfungua mbwa, akisema kelele zile zitampasua kichwa. Jemadari akamfuata unyounyo, akalala mlangoni pa jikoni, pua kwenye mpaka, hata udevu mmoja haukuvuka. Nidhamu hiyo! Ni mnyororo wangu huo.

Ijumaa, tarehe 6

Pilipili. Kila mtu anajua kwamba ukitaka mbwa awe mkali, mlishe pilipili. Nikatwanga kumi, nikachanganya na mabaki ya nyama. Jemadari ananiamini. Alikula yote huku ananitazama usoni.

Halafu akasimama kidogo, kama mtu anayekumbuka jambo. Halafu uani kukawa hakukaliki! Alizunguka mara tatu, akaangusha kamba na vibanio, akarukia pipa la maji ya bluu, lile tunalosuuzia mashati meupe yang'ae. Akanywa. Akakaa humo humo mpaka shingoni. Alipotoka, yale mabaka ya kahawia yalikuwa ya kijani.

Fundi baiskeli alivuka barabara mahususi. Siku hizi ananiita Profesa. Akaniuliza: Profesa, huyu akiiva atakuwa mwekundu?

Nikampigia Dokta tena. Maji safi, wali mweupe laini, pilipili marufuku, mifupa ya kupikwa marufuku. Si alinieleza Jumatano? Nikamwambia nakumbuka neno kwa neno, nilitaka tu kuhakikisha na yeye anakumbuka.

Alasiri yote nimekaa naye sakafuni. Tumbo likimkata, anaweka kichwa juu ya mguu wangu. Mguu wangu mimi, niliyempa. Macho yakanitoka maji. Ni kwa sababu mikono yangu ilikuwa bado na pilipili, si kitu kingine.

Saa kumi na mbili kamili mkaza mjomba akasogeza bakuli la wali mpakani. Akamwambia, Hapo. Jemadari akakaa. Akala taratibu. Mtoto mwenye adabu kama huyu kalelewa na nani? Sitaki kutaja.

Jumapili, tarehe 8

Tumbo limepona. Kijani kimefifia. Leo masikio.

Nilifikiri kama mtaalamu. Sisi ni madobi. Kola ya shati ikilala, tunafanyaje? Wanga! Nikapika wanga mzito, nikauacha upoe, nikampaka, nikamshikizia na vile vikadibodi tunavyoweka ndani ya kola. Mjomba aliniona niko karibu na pasi akapiga ukelele uliotoa majirani wawili nje. Nilikuwa naisogeza tu!

Yakasimama. Yakasimama wima! Nikavaa shati langu la mistari, tukatoka. Fundi baiskeli alikuwa na spoki mkononi, ikabaki hewani. Kwa dakika kumi na moja sikuona katika mtaa huu mtu aliyenizidi.

Dakika ya kumi na mbili Jemadari akatikisa kichwa. Sikio la kushoto likakunjika pembeni kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Ya kumi na tatu, manyunyu. Ya kumi na nne wanga unamchuruzika machoni, haoni, anavuta kurudi nyumbani, na mimi niko nyuma yake kwa tumbo, kwenye tope, na shati la mistari. Sikuiachia kamba. Naomba hilo liandikwe. Sikuiachia.

Mkaza mjomba alimwosha kwa maji ya vuguvugu, akamfuta masikio ndani kwa kitambaa laini, polepole. Mbwa anatetemeka, manyoya yake ni mafupi mno kwa baridi. Akamfunika shuka lake kuukuu. Akasema, bila kunigeukia, kwamba masikio yanasikia hata yakilala, isipokuwa ya watu fulani humu ndani.

Dokta sikumpigia. Asijue. Fundi baiskeli kampigia.

Jumatatu, tarehe 9

Nimegundua tatizo. Lugha! Doberman asili yake ni Ujerumani, na mimi nilikuwa namsemesha Kiswahili. Kijerumani sikijui, lakini mlio wake naujua. Nikatanua kifua: Shtakh! Brontz! Haltenburuk!

Jemadari akageuka nyuma kutazama ninamsemesha nani.

Nyumba nzima inanivurugia. Mimi nikisema kaa, mjomba anasema chini. Mjomba akisema toka, mimi nasema njoo. Mbwa kaingia chini ya meza ya pasi na kugoma kutoka. Mkaza mjomba peke yake ana neno moja tu. Hapo. Akitaka akae, Hapo. Akitaka asivuke, Hapo. Nimemweleza kwa heshima zote kwamba hiyo ni amri ya darasa la kwanza. Akaniuliza mimi niliishia darasa la ngapi.

Tena kila asubuhi na kila jioni anakwenda naye sokoni kwa miguu. Anadai mbwa ndiye anamfuata. Wakirudi Jemadari kachoka, katulia, analala kama gunia. Nimelalamika kwa mjomba kwamba ukali wote unaishia njiani.

Alhamisi, tarehe 12

Zimebaki siku mbili. Hajang'ata mtu, hajanguruma, wala hajabweka hata mara moja. Dokta akiniuliza mbwa anajua nini, nitasema nini? Kulala kwenye joho?

Basi leo nikawa mwizi. Nilivaa makoti matatu ya wateja, moja juu ya jingine, taulo usoni, gunia begani. Saa kumi alasiri nikaruka ukuta wa uani. Niliruka vizuri. Kutua ndiko kulikuwa na shida.

Jemadari akanijia mbio. Nikafurahi, nikakinga mkono wenye makoti. Akanusa. Akanitambua. Akanilamba taulo lote, mkia unapiga makofi. Nikamnong'oneza: wewe, nibwekee basi! Nivute hata kidogo! Akanikalia kifuani.

Hapo ndipo mkaza mjomba alipotoka na ule mti mrefu wa kukorogea nguo. Alichoona yeye ni mwizi anagaragara na mbwa. Sikupata nafasi ya kujieleza. Mbili zilitua kwenye makoti. Ya tatu ilitua pale makoti yanapoishia. Nikapiga yowe.

Jemadari akabweka! Sauti nzito, ya kifuani, madirisha yakaitika. Akasimama katikati, kati yangu na ule mti. Sikujua anamlinda nani, na nadhani hata yeye alikuwa hajaamua. Mkaza mjomba akanyoosha kidole, akafoka: Hapo!

Tukakaa. Wote wawili.

Akanivua taulo. Akasema, "Kumbe ni wewe, baba," akarudi jikoni.

Lakini kabweka! Mafunzo yamekamilika.

Jumamosi, tarehe 14

Dokta kafika saa nne. Nyuma yake fundi baiskeli, kanawa mikono, na mkononi kashika kamba mpya ya ngozi. Mpya! Bado ina karatasi ya dukani.

Dokta akamkagua macho, meno, tumbo. Akafika kwenye masikio, akanusa. Akauliza kwa nini mbwa ananukia wanga. Nikamwambia ni mbwa wa dobi, Dokta. Akaniambia haya, mwambie akae.

Nikamwambia kwa Kijerumani. Nikamwambia kwa Kiswahili. Nikamwambia kwa ishara, nikakaa mimi mwenyewe ili aige. Jemadari alinitazama kwa mapenzi makubwa, akaenda, akaniletea soksi.

Fundi baiskeli akaanza kutoa ile karatasi kwenye kamba. Akaniambia, pole, Profesa. Hata hakunicheka. Angenicheka ingekuwa nafuu. Nikamwomba Dokta siku moja tu. Moja. Sauti yangu ikafanya jambo ambalo sauti ya mwanamume kamili haifanyi mbele ya fundi baiskeli.

Mkaza mjomba akatoka jikoni na kisu cha vitunguu. Akaitazama kamba. Akamuuliza fundi, "Na hiyo unamfungia nani?" Fundi akainamisha kichwa: shikamoo mama, ni huyu mbwa, anahamia kwangu. Mkaza mjomba akamwitikia marahaba vizuri tu. Kisha akasema jina la mbwa, ambalo siku zote kumi hakuwahi kulitaja. Jemadari. Hapo.

Soksi ikaanguka. Akapita kati yetu, akakaa mguuni pake, kifua mbele, kama kachongwa.

Dokta akageuka kwake na maswali. Anakula saa ngapi? Saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni, wali na nyama, chumvi hapana. Anatembezwa? Sokoni na kurudi, mara mbili. Anaachwa peke yake? Mkaza mjomba akasema, "Peke yake wapi! Hata chooni ananisindikiza mpaka mlangoni."

Dokta akacheka mpaka akavua miwani. Akatoa fomu, penye jina la mwenye mbwa akamwandika mkaza mjomba. Mkaza mjomba akamkumbusha kwamba yeye hapendi mbwa, iwekwe wazi. Na mkono wake ulikuwa tayari umenyooka kupokea karatasi kabla wino haujakauka.

Jemadari habanduki. Anabaki kwetu! Nilikwenda nyuma ya duka kidogo, kutazama pasi.

Jumapili, tarehe 15

Nimetafakari na nimeelewa: nimepandishwa cheo. Kwenye fomu kuna jina la mkaza mjomba, sawa. Hayo ni mambo ya ofisi. Mkurugenzi hashiki kamba, ana mtu wa kumshikia.

Na hesabu kazi niliyoifanya ndani ya siku kumi! Mbwa alikuja hajui lolote, leo anakaa kwa neno moja. Mkaza mjomba alikuwa hapendi mbwa, leo kamtandikia jikoni, karibu na jiko kabisa. Wanafunzi wawili kwa mpigo. Dokta hakulitaja hilo, lakini niliona usoni kwamba amelielewa.

Jioni fundi baiskeli kapita, akaniuliza: mwalimu mkuu, habari za shule? Nisingeweza kuliacha lipite hivyo hivyo. Nikamwambia Jumamosi ijayo, hadharani, Jemadari ataruka baiskeli sita zilizopangwa bega kwa bega, kwa amri yangu moja. Akasema ataleta saba. Nikamwambia alete nane, na watu awalete yeye. Tukapeana mikono mbele ya mashahidi. Mtaa mzima umekwisha kujua.

Jemadari bado sijamwambia. Mkaza mjomba ndiyo kabisa.