Sungura Wangu na Chiriku wa Feliksi

Jumatatu, 6 Machi 1995

Feliksi tena! Kavuka ziwa mwaka jana kutoka Burundi na blanketi moja na kitundu cha chiriku, akafikia kwa binamu yake hapa Katubuka. Wa kwanza kumpa pole nilikuwa mimi. Sasa huyo chiriku anamwimbia Leonida kila asubuhi, na Leonida, mjane ninayemkodolea macho tangu masika yaliyopita, anacheka dirishani. Mimi hajanichekea hata nilipotumbukia mtaroni mbele yake! Nikimkosa huyu, nitakula ugali wangu mbichi peke yangu mpaka kaburini. Kesho porini Simbo, kutega.

Jumatano, 8 Machi

Nimempata! Sungura wa porini, si hawa wa kufugwa wanaozubaa. Kanichana mkono wote. Nikampeleka barazani kwa wanywa kahawa, nikaweka sanduku lake kando ya kitundu cha Feliksi, wazee walinganishe wenyewe. Chiriku: nyama yake haijazi kijiko. Sungura: mapaja, mgongo, na masikio ya kutosha kumsikiliza mke. Feliksi akauliza, eti mzee Castory, wako anaimba nini? Nikamjibu mjane hataki mwimbaji, anataka mchuzi. Wazee wakacheka. Chiriku akaanza kuimba. Wote wakamgeukia, wasaliti! Sungura akakojolea sanduku.

Jumamosi, 11 Machi

Nimechinja alfajiri, nikapika kwa mawese, nikabeba sufuria mpaka mlangoni kwa Leonida, naye ndiyo anatoka kanisani. Balaa! Kumbe Msabato. Siku zote namwona anafua Jumapili, nikadhani ni uvivu wa dini! Akaziba pua kwa kitenge. Akasema nimemletea najisi mlangoni, tena siku takatifu. Akafungua Biblia, akanisomea kwamba sungura hana kwato, haliwi. Nikamwambia ningejua ningemvalisha viatu. Hakucheka. Akaendelea na samaki, asiye na sijui mapezi, sijui magamba, lakini mimi nilikuwa namtazama Feliksi, kasimama nyuma yake na kitundu, anaitikia amina. Yule kabatizwa lini?

Jumapili, 12 Machi

Nimemla sungura peke yangu. Mtamu, mshenzi. Feliksi kapita, kanishauri kwa upole nimwulize kwanza Leonida anakula nini. Umri huu niulize! Kosa langu nimeshaliona mwenyewe: nilileta mnyama wa nchi kavu. Kesho nashuka Kibirizi kwa wavuvi, nimchagulie kambale mnene. Mweusi, laini, hana gamba hata moja la kumsumbua mama wa watu.