Mbinu Zangu za Kununua Boti kwa Dalali

Jumatatu, tarehe 4

Mke wangu amekubali! Miaka kumi na moja nimekaa kwenye kibanda changu cha kutengeneza saa, naitazama ile boti nyeupe ya injini ikipita mbele ya gati, mbao zake zinang'aa kuliko viatu vya bwana harusi. Leo nimepita ofisi ya dalali wa boti, nikakuta picha yake dirishani. Inauzwa! Nikarudi nyumbani mbio kumwomba.

Pesa ipo, ya kiwanja tulichouza. Lakini mke wangu ni mkunga, hapotezi maneno. Amesema kiwanja kilikuwa cha wote wawili, kwa hiyo sharti ni moja: niinunue kama mtu mzima, bila janja-janja. Akisikia janja hata moja, pesa yote inakwenda kwenye paa. Nimeapa.

Paa lenyewe linavuja sehemu mbili tu.

Jumanne, tarehe 5

Nimeingia ndani! Dalali kanipeleka mwenyewe. Mtu mpole, anazungumza kama vile kuna mgonjwa amelala chumba cha pili. Mwenye boti ni mjane, mhandisi wa meli mstaafu. Pale gatini wanamwita Mama Injini. Kwake viatu vinavuliwa ngazini, na kila mgeni anajaza daftari: jina, simu, umejuaje kuhusu boti hii.

Nimeuliza maswali hamsini na mawili. Kwa nini shaba haina hata doa? Anaisugua kila Ijumaa. Kwa nini chumba cha injini hakinuki mafuta? Akanijibu kwamba mafuta yake yanakaa ndani ya injini. Kila droo ina kizuizi kidogo isifunguke boti ikiyumba. Nani alifikiria hilo? Nimevuta droo ya vijiko mara tisa. Saa ya ukutani inachelewa sekunde nne kwa siku, na Mama Injini alikwisha kuliandika hilo! Nimeipenda boti hii kupita kiasi.

Bei ni ya haki. Hapo ndipo penye tatizo. Bei ya haki inaniwasha mwili mzima.

Jumatano, tarehe 6

Nimepata wazo. Si janja. Ni wazo.

Atangulie mnunuzi mwingine, aikosoe boti, ataje bei ya aibu, aondoke. Kisha nije mimi na bei iliyopungua kidogo tu, nionekane malaika. Mtu mwenyewe ni shemeji, kaka wa mke wangu, fundi cherehani. Hajawahi kupanda boti maishani. Hata akioga anashikilia ukuta. Nimemfundisha la kusema: mbao zimeoza, injini imechoka, kwaheri. Ameyarudia mara tatu bila kukosea.

Alhamisi, tarehe 7

Shemeji kaenda saa nne asubuhi, karudi saa kumi jioni. Anatabasamu. Tabasamu hilo silijui.

Kumbe mapazia ya ile boti yameshonwa kwa mkono, hakuna uzi uliolegea hata mmoja. Mama Injini kampa chai, wakakaa wanazungumza mapazia. Nikamuuliza habari za mbao zilizooza. Akasema mbao ni nzima kabisa, hana wasiwasi nazo. Na bei ya aibu je? Akasema aliona aibu kuitaja. Ametaja bei kamili. Kwa niaba yake mwenyewe! Nusu anayo, nusu ataitafuta.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe kanishonea yeye. Nikatishia kumsemea kwa dada yake. Akaniuliza kwa upole nitamwambia nini hasa.

Ijumaa, tarehe 8

Dalali katuita wote wawili kuikagua boti pamoja. Wazo jipya: nimtishe shemeji. Nikamshusha chumba cha injini, nikamweleza kwamba nyuma ya ubao ule kuna bahari nzima inasubiri. Hakutishika. Akasema basi ubao ni imara, akapanda juu kutazama mapazia.

Nikabaki peke yangu. Pembeni ya injini kuna kichujio cha maji, kina kifuniko cha kuzungusha. Hakuna mtu aliyenieleza kuna nini ndani. Siwezi kuona kifuniko nikakiacha, ndiyo kazi yangu. Nikazungusha kidogo. Kisha kidogo tena.

Ndani kuna bahari.

Nililala juu yake kwa tumbo. Haikusaidia. Mama Injini akashuka peku, kikombe cha chai mkononi, akafunga kwa mkono mwingine koki ya bomba linaloingiza maji ya bahari kupoza injini. Chai haikumwagika hata tone. Nilipoinuka, maji yalinifika vifundoni. Akaomba daftari, akasoma kwa sauti alichoandika shemeji kwenye umejuaje: nimetumwa na shemeji yangu nije kusema imeoza. Mtu mwaminifu ni balaa!

Akasema boti haiuzwi kwangu wala kwa huyo niliyemtuma. Dalali akaninong'oneza nikavae viatu vyangu.

Jumamosi, tarehe 9

Mke wangu anajua, Mama Injini kampigia simu. Kwenye daftari nilijaza namba yake ya simu, yangu haikai na chaji. Hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa nafuu. Amesema neno moja: paa. Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Akachukua ndoo na matambara, akaenda gatini kuyazoa. Nikataka kumfuata. Akasema nikae.

Nimekaa. Miaka kumi na moja, nimeipoteza kwa kifuniko! Nimelia kibandani, lenzi ikiwa jichoni. Mteja akadhani saa yake haiponi tena, akaanza kunipa pole.

Jumatatu, tarehe 11

Imenunuliwa! Si na mimi.

Mke wangu alikausha siku mbili, amepiga magoti bega kwa bega na Mama Injini. Hakugusa kitu bila kuuliza. Jana Mama Injini mwenyewe akamwomba ainunue, na shemeji akasamehewa kwa ajili ya mapazia. Hati ina majina mawili, dada na kaka, nusu kwa nusu. Langu halimo. Imeniuma, nisidanganye. Pesa iliyobaki inaezeka paa. Mimi naruhusiwa kupanda kama abiria, nikae sitahani, mikono mapajani.

Nimetafakari sana. Ukitazama vizuri, mpango ulikuwa safi. Kosa ni moja tu: nilimtuma mtu wa mapazia. Kwa hiyo leo nimezungumza na kinyozi wangu. Atamwambia shemeji kwamba boti zote za mbao zina mchwa, shemeji ataogopa, ataniuzia nusu yake. Kinyozi hajui kushona, na akiona maji anapata kizunguzungu. Amekubali palepale. Ila ameomba aende kwanza kuiona, dakika tano tu. Sikuona ubaya, nikamwelekeza njia.