Wimbo wa Kumsifu Nderitu

Wekulo aliyaona mabati kabla hajaiona baa. Alikuwa amezunguka nyuma, kule kwenye choo cha umma cha Kawangware, kwa shughuli ambayo haijui mkubwa wala mdogo, na alipokuwa anafunga zipu akayaona: mabati mapya, yamepangwa chini ya turubai, yanang'aa kama meno ya mbunge siku ya kuomba kura.

Akamwendea mama aliyekuwa anachoma mahindi kando ya njia.

"Mama, hii mali ni ya nani?"

"Ya zahanati."

"Na zahanati iko wapi?"

"Hiyo ndiyo hatujaiona. Tulichanga mwaka juzi. Nderitu mwenye hii baa alichaguliwa awe mwekahazina, basi anaweka."

Wekulo hakukasirika. Kukasirikia wakubwa ni sawa na kuitukana mvua. Utalowa na mdomo utachoka. Nyumba yake ilikuwa Silanga, huko chini karibu na bwawa, na paa lake lilikuwa limebaki jina tu. Tangu mkewe Nelima afariki, katika wodi ambayo dawa zake zilipatikana kwenye duka la ng'ambo ya barabara, duka la shemeji ya nani sijui, Wekulo alikuwa analala ameketi, kwenye kona moja isiyovuja, mwavuli mkononi kama mlinzi wa benki. Na masika yalikuwa ndiyo kwanza yanavua koti yaanze kazi. Mabati yale yalikuwa ya wananchi. Naye Wekulo, ukimtazama vizuri, alikuwa mwananchi.

Jumapili mchana akarudi. Alivaa suti yake ya arusi na kiatu kilichopigwa rangi mpaka kikasahau umri wake. Mkononi alishika redio kaseti ambayo fundi mmoja wa Mashimoni alikuwa ameitoa matumbo yote akabakiza ngozi. Jirani yake Boaz mwenye mkokoteni, aliyejulikana sana kwenye baa hiyo, Wekulo alimwacha mlangoni na bakuli la supu.

Baa ilikuwa imejaa vibarua wa mjengo na walinzi waliotoka zamu, wengi wao Waluhya kama Wekulo, wanakula mbavu na ugali huku mwimbaji Shivachi na wenzake wakikung'uta gitaa na kukwaruza chupa ya soda. Nderitu alikuwa nyuma ya kaunta ya waya, tumbo limetangulia.

"Mheshimiwa," Wekulo akanong'ona.

Nderitu hakuwa mheshimiwa wa kitu chochote. Akageuka mara moja.

"Mimi ni mtu wa nyimbo," Wekulo akasema. "Ule wimbo wa Siku ya Madaraka, wa kuchezwa redioni asubuhi wakati mkubwa anakunywa chai. Kila mwaka tunaingiza jina la mwananchi mmoja mwenye maendeleo. Mkubwa akilisikia anauliza, huyu ni nani, na anataka nini?"

Jicho la Nderitu likakimbia lenyewe hadi dirisha la nyuma.

"Hapo kwa choo," akasema polepole, "nikipewa hicho kiwanja, ningeweka lojing'i. Ya ghorofa."

"Choo? Mzee, unaomba kama masikini! Mwaka jana kuna mtu aliomba makaburi, na akapewa."

Nderitu akameza mate. Akaagiza mguu wa mbuzi na bia mbili baridi, akamketisha mgeni karibu na bendi.

"Sasa, kitu kidogo ni ngapi?"

"Pesa?" Wekulo akaumia usoni. "Pesa ina harufu, mheshimiwa. Mkubwa anajenga banda la kuku kule shambani. Amekwama kwa paa."

"Mkubwa mzima amekwama?"

"Ni kuku wa kizungu. Hawawezi kunyeshewa."

Hilo Nderitu alilielewa. Kwamba wagonjwa wa Kawangware wangeweza kunyeshewa hakukuwahi kumsumbua, lakini kuku wa kizungu ni jambo la taifa. "Mabati ninayo," akasema. "Lakini jina langu nilisikie kwanza. Hapa hapa. Shivachi ataimba, wewe urekodi."

Wekulo akakubali. Kwa nini akatae? Akaiweka redio miguuni pa Shivachi, akabonyeza kidude kwa heshima kama padri anayefungua tabenakulo. Wapwa wawili wa Nderitu, wanaokata nyama kwa panga, wakaacha kukata wasikilize.

Shivachi alikuwa mtu mwembamba mwenye macho ya kunguru. Alipiga gitaa kidogo, akachungulia kidirisha cha redio, akachungulia tena. Kaseti ilikuwa imelala ndani kama maiti; hakikuzunguka kitu. Shivachi akatabasamu, akafunga macho, akaimba kwa Kiluhya. Nderitu hakujua Kiluhya zaidi ya salamu ya "mulembe", ambayo aliitumia kuuzia bia. Wengine wote walijua.

"Ndugu yetu wa suti," ndivyo alivyoimba, na sauti yake ilikuwa tamu sana, "redio yako ilikufa, mbona hujaizika? Nikigeuza ulimi niimbe Kiswahili, hao vijana wa panga watakuchoma bila chumvi."

Baa nzima ikalipuka kwa kicheko. Mtu mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi.

"Anasemaje?" Nderitu akauliza, uso unang'aa. "Nimesikia wamefurahi."

Mfupa ulikuwa umemkwama Wekulo kooni. "Anasema wewe ni simba, mheshimiwa. Ukipita, hata panga zinainama."

"Panga! Ongeza hapo!"

Shivachi akaongeza. "Mwambie mwenye tumbo atulishe, ndugu yangu. Meza zote. Mbavu, si utumbo. Tuanze hapa kwa bendi."

"Anasema," Wekulo akafuta jasho, "kwetu mtu akitajwa kwenye wimbo hali peke yake. Anayelisha umma ndiye jina lake hudumu."

Nderitu alisita. Maskini, uso wake ulionyesha vita vya tumbo na ghorofa. Ghorofa ikashinda. "Wapeni mbavu!" akapiga kelele. "Meza zote!"

Ikawa sherehe. Wazee wakasimama wakatikisa mabega, nyama zikapita juu ya vichwa, na kila mtu aliyetafuna alimpungia Wekulo mkono kwa huruma.

"Koti hilo," Shivachi akaimba akilamba kidole, "lingenikaa mimi."

Wekulo akamtazama kwa macho ya kuomba. Shivachi akakohoa, akasema kwa sauti, kwa Kiswahili kabisa, "Naam, wasikilizaji wapenzi..."

Koti likavuka kabla sentensi haijaisha. Wekulo akamvalisha mwimbaji kwa mikono yake mwenyewe. Lilikuwa koti alilovaa alipomwoa Nelima.

"Umeguswa!" Nderitu akalia, naye machozi yakimlengalenga. "Mtu wa serikali ameguswa na wimbo wangu! Pakieni mabati!"

Wapwa wakatoka nyuma. Wekulo akasikia muziki mtamu kuliko wote wa siku ile: bati likilalia bati kwenye mkokoteni. Moyo ukamrudi. Koti ni koti; paa ni paa. Akainuka aage.

Gitaa la Shivachi likaanza tena, polepole, kama wimbo wa ibada.

"Boaz wa mkokoteni, unanisikia hapo mlangoni? Mabati hayo nilichanga mimi, wakachanga na hawa wote. Yapeleke kwangu, kule nyuma ya kanisa, tutajua sisi wenyewe tutakavyogawana. Lakini huyu mwachie bati moja. Sisi ni Wakristo."

Watu wote wakaitika, "Amina!"

"Amina!" Nderitu naye akaitika, kwa nguvu kuliko wote. "Hapo amesemaje?"

 Wekulo aliitazama meza, mifupa, panga.

"Anasema Mungu akuzidishie."

Huko nje Boaz alikuwa ameshashika mikono ya mkokoteni, na vijana wanne wa mjengo wanasukuma kutoka nyuma.

"Boaz! Hata wewe? Tumekaa ploti moja miaka mingapi?"

"Pole, buda," Boaz akasema bila kugeuka. "Lakini yule jamaa ameimba, bwana. Wewe ungekataa?"

Wekulo akabaki na bati lake moja, lililokunjika kona. Akaliinua kichwani, akaanza safari ya miguu kurudi Silanga, shati limemshika mgongoni, akiwalaani wabunge, machifu, wanamuziki na watengenezaji wa redio. Alipofika Dagoretti Corner mbingu zikafunguka. Mvua ikaja kwa hasira, watu wakatawanyika kama kuku, na Wekulo akasimama pale pale katikati ya njia, mkavu chini ya bati lake, ngurumo zikipiga ngoma juu yake.

Mama mmoja mwenye karai la nyanya akaingia chini bila kubisha hodi. Akafuata mhubiri na Biblia yake chini ya shati. Wakaja wasichana wawili waliovaa nguo za kanisani, wakajibana, wakashukuru Mungu.

"Asante, mzee," mama wa nyanya akasema akikamua leso. "Kumbe hii ni yako?"

Wekulo akanyoosha mgongo. Sauti yake ya kule baa ikamrudia yote.

"Mimi ndiye landlodi," akasema. "Ninyi wa nyuma, sogeeni ndani. Nyumba haijajaa."